Ngege wa Inchi Tano

Wavu ulipovutwa mara ya tatu ukaleta tena samaki wa kiganja, watu walinyamaza. Watu mia tatu wa shamba la chai wakinyamaza pamoja, usidhani wameshikwa na adabu. Wanatafuta wa kumlaumu. Niliyaona macho yao yakihama kutoka kwenye wavu na kumwendea mume wangu, Kepher Oyoo, aliyekuwa amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, kamba bado mkononi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka wa pili baada ya nzige, kwenye bwawa la shamba letu upande wa Kiptere. Kepher alikuwa mlinzi wa bwawa hilo tangu lilipotiwa samaki. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaleta kutoka ziwani, Kendu, ngege arobaini ndani ya madebe, akibadilisha maji kila mto tuliouvuka na kuwasemesha njia nzima. Watu walisema watakufa kwa baridi ya huku juu. Hawakufa. Mara ya kwanza kuvua tulitoa ngege wa kutoka ncha ya vidole mpaka kiwiko, na hata wale ambao kwao samaki si chakula walionja.

Bwana Pasko, meneja wetu, alifurahi kupita kiasi. Aliahidi mbele ya watu kwamba mwaka huu kila nyumba itapata samaki kila Jumamosi, na hapo hapo akaipunguza posho ya maharagwe, hata kabla samaki hawajaonekana. Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani angemwambia Mzungu habari za mbacha? Sasa watu wamekuja na sufuria zao, Bwana amekuja na mpishi wake Makori na beseni jeupe la kuchagulia samaki wa mezani, na kwenye majani pale ukingoni kuna lundo la vidagaa vya ngege ambavyo hata paka angevitazama mara mbili.

"Wapi samaki kubwa?" Bwana aliuliza.

Kepher aliendelea kuikunja kamba.

"Mimi nauliza wewe. Hii yote mtoto tu. Wapi samaki kubwa?"

Aliyejibu ni Ogola, karani wa shamba. Ogola alikuwa Mjaluo mwenzetu, wa Seme, mtu wa misheni aliyevaa suruali yenye mkunjo hata siku ya kuvua samaki. Sitamsingizia. Hakuwa na kinyongo na Kepher. Alikuwa tu na hesabu kichwani, na hesabu yake ilikubali vizuri kuliko ukweli.

"Bwana, samaki hawezi kukua akirudi nyuma," alisema. "Mwaka juzi ilikuwa kubwa. Mwaka jana ikawa ya katikati. Sasa ni ndogo. Mtu anachukua kubwa, anaacha watoto. Na mwenye kulinda hii maji ni mmoja tu."

Watu wakaguna. Mimi mwenyewe, kama nisingekuwa mke wa mtu huyo, ningeguna nao.

Bwana akamtuma askari kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilijua atakachokikuta. Juu ya moto wangu palikuwa na ngege wanne wakubwa, wa kukaushwa kwa moshi, niliowapokea wiki ile ile kutoka kwa shangazi yangu kwenye soko la Sondu. Samaki wa ziwa kabisa. Jirani yangu Marcella, mwanamke wa Kisii tuliyekuwa tukichuma chai mstari mmoja, alikuwa amekula wa tano pamoja nami na akalamba vidole. Lakini nani angeuliza vidole vya Marcella?

Askari alirudi akiwa amewashika mkiani, wawili kila mkono. Aliwaweka chini kando ya lile lundo la wadogo, na jinsi walivyolala pale, wakubwa kwa wadogo, kesi ilikuwa imekwisha.

"Ni za Sondu!" nilipiga kelele. "Shangazi yangu alileta! Marcella anajua!"

"Ni kweli, Bwana," Marcella akasema. "Mimi nilikula moja."

"Nyamaza, wote mbili," Bwana akasema. Kisha akamwambia askari amtoe Kepher majini. "Lori nakwenda Kericho saa sita. Hii mwizi nakwenda na lori. Polisi tapata yeye. Na nyumba yake, leo leo, toa vitu."

Nieleze hilo lilikuwa na maana gani, kwa sababu wapo siku hizi wasiojua. Nyumba ilikuwa ya shamba. Mwanamume akiondoka na askari, mke na mtoto wanaondoka kabla jua halijazama, na kwenye kipande chake, kile cheti cha kazi, panaandikwa neno ambalo hakuna shamba lingine litakalompokea nalo. Binti yetu Ayoo alikuwa na miaka minne na kifua chake kilikuwa hakijapona. Kutoka pale hadi Kendu ni siku mbili kwa miguu, na mvua ya kila alasiri ilikuwa imeshaanza kujikusanya juu ya msitu.

Nilimtazama Kepher ajitetee. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno; akianza kueleza habari za samaki chakula kinapoa. Siku ile alisimama huku maji yakimchuruzika, akitazama bwawa, mdomo umefungwa kama wa mtu aliyeapishwa. Nilidhani ni hofu. Nikasema moyoni, basi kama wewe umeshikwa na hofu, acha mimi nishikwe na hasira, mmoja wetu awe na faida.

Nikalikaribia lundo, nikachuchumaa, nikamchukua mmoja wa wale wadogo.

Kwetu ziwani mwanamume anamjua samaki mpaka anapotoka kwenye wavu. Kuanzia hapo ni kazi ya mwanamke. Mimi nimepasua matumbo ya ngege tangu nina miaka sita; mama yangu alitukalisha wasichana watatu ufukweni, kila mmoja na kisu chake, na aliyetoboa nyongo alikula huyo samaki peke yake. Kwa hiyo nilipomshika yule mdogo, mkono wangu uliniambia jambo kabla ya akili. Rangi ilikuwa imekolea. Magamba yalikuwa magumu. Samaki mchanga ni laini, anateleza na kung'aa. Huyu alikuwa mkavu na mzito kwa umbo lake, mtu mzima mfupi.

"Bwana," nilisema, nikasimama. "Hii si watoto."

Ogola akafumba macho. "Nyar Kendu, tafadhali," alisema, yaani binti wa Kendu, jina nililoitwa na Wajaluo wenzangu.

"Hii ni watu wazima, Bwana. Ni mama na baba. Imekua mpaka hapo ikaisha kukua. Hakuna kubwa ya kuiba."

Watu wakacheka. Hata askari alicheka. Bwana hakucheka, aliitazama saa yake, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Nipe kisu, Makori," nikasema. Mpishi alisita, kisha akanipa.

Nilimpasua wa kwanza. Alikuwa dume, ndani yake palikuwa na nyuzi mbili nyeupe ambazo mimi nilizitambua, lakini machoni pa Bwana zilikuwa matumbo tu. Nikamtupa. Nikampasua wa pili, nikiomba Mungu mayai. Tumbo lilikuwa tupu. Nikapasua wa tatu. Tupu. Wa nne, tupu, bapa, hata chakula hamna. Damu ya samaki ikaingia kwenye mkono wa gauni langu la kanisani, ambalo nililivaa kwa ajili ya sherehe hii ya wajinga.

"Mama na baba wapi?" Bwana akauliza.

"Inatosha sasa," Ogola aliniambia kwa Kijaluo, taratibu, na niliona kweli ananionea huruma. "Unamwongezea miezi jela."

Nusura nimsikilize. Lakini nilikuwa bado nimemshika yule wa nne, kidole gumba changu kiko chini ya kidevu chake, na ngozi ya pale ilikuwa imelegea kama mfuko uliotoka kumwagwa mahindi. Nikamchukua wa tatu, nikapapasa. Imelegea. Wa pili, vile vile.

Hapo nikataka kujipiga makofi. Jambo lenyewe kila mtoto wa Kendu analijua! Ngege jike hakai na mayai tumboni mpaka mwisho. Akishayataga anayaokota yote kwa mdomo, na humo mdomoni yanaanguliwa, na watoto wanaishi humo mpaka wajiweze. Siku zote hizo mama hali kitu. Ndiyo maana tumbo ni bapa. Na akiguswa na wavu, kwa woga, anatema wote majini. Hawa mama walikuwa wametema watoto wao bwawani dakika chache tu kabla ya mimi kuwapasua.

Nikamwambia Bwana yote hayo kwa Kiswahili changu cha kuchuma chai. Alikunja uso.

"Mtoto ndani ya mdomo? Hii samaki nakula mtoto yake?"

"Hapana kula, Bwana. Inabeba. Kama mimi mgongoni."

"Wewe nadanganya."

"Nitakuonyesha. Nipe nafasi kabla ya lori."

Akaitazama saa tena. Ilikuwa saa tano na nusu. Chini kwenye kiwanda tulisikia dereva akizungusha mkono wa kuwashia injini, mara ya kwanza, mara ya pili, na lori likakohoa likazima.

"Robo saa," Bwana akasema.

Kwa wavu isingewezekana. Nilihitaji kitu cha kumzoa mama mmoja peke yake, polepole, bila kumshtua. Nikageuka nikamnyang'anya Marcella kikapu chake cha chai mgongoni.

Ungesikia kelele! Maana kikapu cha chai hakiguswi na kitu kingine. Tulikatazwa kukitia hata kitunguu, kwa sababu chai hunywa harufu ya kila kinacholala karibu nayo, na kikapu kimoja cha samaki kingeweza kuharibu majani ya kiwanda kizima. "Si hiyo! Si kikapu ya kampuni!" Ogola alipaza sauti kana kwamba nimeingia kanisani na mbuzi. Nilikuwa nimeshaingia majini.

Maji yalikuwa baridi mpaka yakauma mifupa. Nilifuata ukingo, upande wenye nyasi, mahali penye kina cha goti panapopigwa na jua, kwa sababu mama ngege akiwa na watoto hupenda maji ya uvuguvugu. Nyuma yangu nilisikia sauti ya Kepher, ya kwanza tangu asubuhi.

"Toka majini, Nyar Kendu," alisema kwa Kijaluo. "Acha."

Sikugeuka. Nilifikiri anaogopa nitazama.

Nilimwona mmoja chini ya nyasi, kidevu kimevimba, amesimama kwenye maji bila kusogea. Nikakizamisha kikapu kwa upande, nikakisogeza kidogo kidogo. Akaniona. Akachomoka, akaenda.

Nikasogea tena. Wa pili aliingia kikapuni vizuri kabisa, lakini nilikiinua kwa pupa. Nilimwona kwa macho yangu akifungua mdomo, na wingu dogo la watoto likatoka, likapenya kwenye matundu ya mianzi, likapotea. Mkononi nikabaki na mama mtupu. Nilitukana tusi ambalo mke wa mtu anayekwenda kanisani hatukani. Kule kiwandani injini iliwaka, na safari hii haikuzima.

"Mama Ayoo, polepole," Marcella aliniita kutoka ukingoni. Alikuwa analia. "Polepole, dada."

Wa tatu nilimsubiri. Sikumfuata. Nilisimama na kikapu chini ya maji mpaka miguu ikafa ganzi, nikahesabu pumzi zangu, nikijua kila pumzi ni lori linaloondoka. Alikuja mwenyewe, akatulia juu ya kikapu. Sikukivuta juu. Badala yake niliteremsha mkono wa kushoto, nikamzunguka, nikatia kidole gumba chini ya kidevu na kidole cha shahada juu ya pua, nikamfunga mdomo kama mama yangu alivyonifundisha. Ndipo nikamwinua.

"Beseni!" nikapiga kelele. "Tia maji!"

Makori alikimbia mwenyewe, bila kungoja amri ya Bwana wake. Nikamweka samaki ndani ya lile beseni jeupe, nikaondoa vidole.

Hakuna kilichotokea. Samaki alikaa chini, akipepesa mapezi yake. Bwana aliinama. Ogola aliinama. Kofia zao mbili zilikaribia kugongana. Nilisikia lori likipanda mlima kuja kwetu.

Kisha mama akafungua mdomo, na wakatoka. Walikuwa wadogo kuliko punje za wimbi, macho matupu yenye mkia, kumi, hamsini, zaidi ya mia, wakatapakaa kwenye ule weupe wa beseni. Bwana, sijui kwa nini, aligonga ukingo wa beseni kwa kiko chake, na wale watoto wote kwa pamoja wakageuka, wakakimbilia kwa mama, wakamiminika mdomoni mwake mpaka wa mwisho. Mama akafunga.

Watu mia tatu walisema "Ai!" kwa lugha nne.

Bwana akaomba kijiti cha kupimia michai inapokatwa matawi. Akakiweka kando ya samaki ndani ya maji, akasoma. "Inchi tano," alisema, kama anajiambia mwenyewe. "Mtoto hapana zaa mtoto," akasema mwishowe, na akampungia askari mkono amwachie mume wangu.

Nililia palepale, ndani ya maji, bila aibu. Ogola alivua kofia, akamwendea Kepher na kumwambia, "Nimekukosea, ndugu yangu," na hilo halikuwa jambo dogo kwa mtu wa suruali ile. Marcella alikuwa anarukaruka. Nilimpenda kila mtu, hata Mzungu.

Lakini Bwana alikuwa bado anatazama beseni.

"Ziwani hii samaki kubwa," alisema. "Hapa ndogo. Kwa nini?"

Ogola alimtafsiria Kepher ili jibu liwe sawasawa. Kepher aliongea na maji, si na mtu.

"Kila mama aliyekuwa na watoto mdomoni nilimrudisha," alisema. "Miaka yote mitatu. Baba yangu alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa na baba yake. Ukimla mama umekula ukoo. Ziwani ni hivyo. Lakini huko kuna mamba, kuna fisi maji, kuna kina kisicho na mwisho. Hapa hakuna wa kuwapunguza. Wamezaana mpaka chakula cha mia kinaliwa na elfu kumi. Samaki mwenye njaa haachi kuzaa. Anaacha kukua."

Ogola akayasema yote kwa Kiingereza. Bwana alitikisa kichwa taratibu.

"Basi si mwizi," alisema. "Ni pumbavu." Kisha akatoa amri, bila hasira, na nadhani alijiona mwenye huruma. Jumatatu bwawa lifunguliwe maji yote, samaki wapewe watu wawale walivyo. Kepher asilinde tena maji. Apewe jembe, palizi. Nyumba abaki nayo.

Nyumba tubaki nayo! Mimi nilisikia hilo tu. Nilimchukua Ayoo, aliyekuwa amesimama na Marcella, nikamweka mgongoni nikiwa nimelowa, nikamfuata mume wangu kwenye njia ya kurudi nyumbani. Alikuwa anakwenda mbele kwa haraka. Karibu na uzio wa michai akasimama.

"Ungeniacha niende Kericho," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilijua tangu mwaka jana," akaendelea. "Nilipoona wanabeba watoto wakiwa wa kiganja, nilijua nimefanya nini. Sikuweza kusema. Mtu aliyemwibia Mzungu samaki, akitoka jela, Kendu wanamchinjia kuku. Wanamsimulia. Lakini mtoto wa Oyoo aliyepewa maji akayaharibu kwa mikono yake mwenyewe? Watanicheka mpaka kaburini. Nilikuwa nimekubali kwenda. Ungeniacha."

Nilimwangalia. Jela ya Kericho alikuwa ameipima, akaiona nyepesi. Kicheko cha wazee wa ufukweni alikuwa amekipima, akakiona kizito. Yote hayo aliyafanya akiwa amesimama pale majini, huku mimi nikipasua samaki.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Na huyu mgongoni, na kifua chake? Leo tungelala wapi, Baba Ayoo?"

Akamtazama mtoto, kisha akatazama mvua iliyokuwa inateremka kutoka msituni, na niliona wazi kwamba swali hilo lilikuwa halijamfikia hata mara moja asubuhi yote.

Nilimpakulia chakula chake mchana ule, nikafunika sahani. Mimi na Ayoo tulikwenda kula kwa Marcella.